Kufungua, Kuchomoa na Kubandua: Kauli ya Kutendua katika Usemi wa Mafundi wa Injini za Malori Jijini Mwanza

Ikisiri

Makala haya yanachunguza vitenzi ambavyo mafundi wa malori jijini Mwanza huvitumia wanapoitayarisha na kuifungua injini ya dizeli kwa ajili ya matengenezo. Mkazo umewekwa kwenye vitenzi vya kauli ya kutendua, yaani vile vyenye kiambishi -u-/-o- na mwenzake -uk-/-ok-. Hoja kuu ni kwamba dhima ya msingi ya kiambishi hiki ni kutenganisha vitu vilivyoshikana, na si kukirejesha kitu katika hali yake ya awali. Ushahidi unatolewa kutokana na vitenzi vinavyokubali kiambishi hicho, vinavyokikataa, na kitenzi kurudishia, ambacho kimechukua peke yake dhima ya urejeshaji. Makala yanaonesha pia kwamba tofauti baina ya imefunguka na imefunguliwa hubeba suala la uwajibikaji, na yanahitimisha kwa kupendekeza namna ya kuviingiza vitenzi hivi katika istilahi za mafunzo ya amali.

1.0 Utangulizi

Barabara itokayo Mwanza kwenda Musoma hupita Nyakato na Igoma kabla ya kufika Kisesa. Kandokando yake, kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, kuna gereji za kila aina: zilizo na mapaa na mashine za kuchongea vyuma, na zile ziitwazo gereji bubu, ambazo aghalabu ni kiwanja, kivuli cha mti na sanduku la spana. Malori yanayoingia humo hubeba pamba kutoka Simiyu na Shinyanga, samaki wa ziwani, nafaka, saruji na bidhaa za dukani. Injini ya lori linalofanya kazi ya namna hiyo hufikia siku ambayo inachemsha, inakula oili, inatoa moshi mzito au inanoki. Hapo fundi hutamka uamuzi wake kwa kitenzi kimoja: "Hii inabidi tuifungue."

Wanaisimu wa Kiswahili wamevutiwa kwa muda mrefu na msamiati wa magari, lakini kwa kiasi kikubwa wamevutiwa na nomino zake. Neno madigadi, lililotoholewa kutoka Kiingereza na kisha kuzalisha umoja digadi, na neno kiplefti, lililoingizwa katika ngeli ya ki-/vi- na kupata wingi viplefti, yamekuwa mifano ya kudumu katika madarasa ya mofolojia. Vivyo hivyo usukani, neno lililotoka kwenye chombo cha majini likahamia kwenye gari. Mifano hiyo ni mizuri, nayo inathibitisha nguvu ya mfumo wa ngeli. Hata hivyo, inatuachia picha isiyo kamili, kwamba lugha ya gereji ni lugha ya mkopo. Tukigeukia vitenzi, hali inabadilika. Pistoni, ringi, nozeli, gasketi na sampu ni maneno ya kigeni. Lakini kufungua, kulegeza, kuchomoa, kubandua, kung'oa, kukwangua na kupangua ni ya Kibantu kwa mzizi na kwa kiambishi. Vifaa vimekopwa; kazi imeelezwa kwa lugha yenyewe.

Swali la makala haya ni hili: ni nini kinachomfanya fundi aseme anachomoa nozeli, anabandua gasketi na anafungua sampu, ilhali matendo yote matatu yangeweza kuelezwa kwa kitenzi kimoja, kutoa? Mifano iliyotumika ni ya usemi wa kawaida wa gereji, nayo imeandikwa kama inavyosemwa, pamoja na upatanisho wa neno gari katika ngeli ya 9 (gari imezima), ambao Kiswahili sanifu huuweka katika ngeli ya 5 (gari limezima).

2.0 Umbo la Kauli ya Kutendua

Kauli ya kutendua huundwa kwa kiambishi -u-, ambacho huwa -o- pale tu ambapo mzizi una irabu o. Kwa hiyo tuna funga/fungua, panga/pangua, kunja/kunjua na tega/tegua, lakini chomeka/chomoa. Ikumbukwe kwamba usare huu si sawa na ule wa kauli ya kutendeka. Katika kutendeka, irabu e ya mzizi huleta -ek- (tega/tegeka), lakini katika kutendua irabu hiyo hiyo haileti -o- (tegua, si *tegoa).

Kiambishi hiki ni urithi wa Kibantu. Zamani kilikuwa na konsonanti l, ambayo imedondoka katika fungua lakini hujitokeza tena kinapofuatwa na kiambishi kingine: funguliwa, fungulia, chomolewa, banduliwa. Lugha nyingine za Kibantu katika ukanda wa Ziwa Viktoria zinao urithi huo huo, na kwa mzungumzaji wa Kisukuma anayejifunza ufundi kwa Kiswahili, muundo huu si mgeni.

Jambo la pili la kimofolojia ni kwamba kiambishi cha kutendua hakiongezwi juu ya kila umbo lililokwishanyambuliwa. Pale ambapo kitenzi cha kuweka kina -ik-/-ek-, kiambishi hicho huondoka na -u-/-o- hushika nafasi yake:

(1) a. band-ik-a / band-u-a
b. chom-ek-a / chom-o-a
c. fun-ik-a / fun-u-a

Kwa maneno mengine, bandua haikujengwa juu ya bandika. Vyote viwili vimejengwa juu ya mzizi mmoja unaoeleza namna ya kushikana; kimoja kinashikanisha, kingine kinaachanisha. Jambo hili dogo la umbo lina uzito katika mjadala wa maana. Sarufi za awali, ikiwemo ya Ashton (1944), ziliieleza kauli hii kwa kigezo cha ukinyume. Schadeberg (2003), akiangalia lugha za Kibantu kwa ujumla, alipendelea jina linalosisitiza utenganisho. Majina haya mawili si suala la ladha tu. Jina la kwanza linatabiri kwamba tendo lolote lenye kinyume chake laweza kupata -u-. La pili linatabiri kwamba -u- itakubaliwa pale tu ambapo kuna vitu vilivyoshikana. Kazi ya kufungua injini inatupatia nafasi ya kuzipima tabiri hizi, kwa sababu ndani yake namna za kushikana ni nyingi na kila moja inaonekana kwa macho.

3.0 Hatua za Kazi na Vitenzi Vyake

Kazi huanza kabla spana haijashikwa. Injini huoshwa nje ili vumbi na grisi visiingie ndani itakapokuwa wazi. Nyaya za betri hutolewa. Injini huachwa ipoe, maana hedi ikilegezwa ingali moto yaweza kupinda. Maji ya rejeta na oili ya sampu humwagwa. Mabomba na nyaya hutiwa alama ili kila kimoja kijulikane kinakorudi. Baada ya matayarisho hayo ndipo vitenzi vya kutendua vinapoanza kupangika.

(2) a. Fungua sampu.
b. Legeza nati za hedi, anzia pembeni.
c. Fungua nozeli, kisha zichomoe.
d. Bandua gasketi, kwangua mabaki.
e. Ng'oa laina ya silinda ya tatu.

Katika (2a) kitenzi fungua kinahusu kifaa kilichoshikwa kwa bolti. Sampu haina mlango wala kifuniko cha kuinua. Kuifungua ni kuondoa kile kinachoifunga. Kwa hiyo yambwa ya fungua yaweza kuwa kifungio (fungua nati), kilichofungwa (fungua sampu), au kitu kizima chenye vifungio vingi (fungua injini). Matumizi haya matatu hayaleti utata kwa fundi, kwa kuwa yote yanarejelea tukio moja la kuvunja mshikamano wa kifungio.

Mfano (2c) unaonesha mpaka baina ya vitenzi viwili. Nozeli ya injini ya dizeli hukaa ndani ya tundu na hushikiliwa kwa bolti au kibanio. Kifungio kikiondolewa, nozeli bado imo ndani ya tundu lake. Fungua imemaliza kazi yake. Kilichobaki ni chomoa, kitenzi cha kukivuta kitu kilichopenya. Mafundi hawavibadilishani vitenzi hivi. Anayeambiwa achomoe kitu ambacho hakijafunguliwa atauliza au atacheka, kwa sababu ameamriwa kuvunja.

Katika (2d) gasketi haina kifungio chake yenyewe. Imegandamana na uso wa chuma kwa kubanwa na kwa joto. Kitenzi chake ni bandua, kile kile kinachotumika kwa plasta ya kidonda au karatasi iliyobandikwa ukutani. Katika (2e) laina, yaani mrija wa chuma uliomo ndani ya silinda, hushika kwa nguvu kiasi kwamba huhitaji kifaa cha kuvutia. Hapo kitenzi ni ng'oa, kama kwa jino na mzizi wa mti.

Vitenzi hivi, basi, havitofautiani kwa kiwango cha kutoa. Vinatofautiana kwa aina ya mshikamano unaovunjwa: kwa kifungio, kwa kupenya, kwa kugandamana na kwa kukita. Mwanafunzi wa ufundi, ambaye gerejini huitwa spanaboi, anayesikia "chomoa" amekwisha kuambiwa kwamba kifaa hicho hakizungushwi bali huvutwa. Anayesikia "bandua" anajua asitumie nyundo. Maelezo ambayo kitabu cha mwongozo cha kiwanda huyatolea mchoro yamo ndani ya mzizi wa kitenzi.

Kitenzi cha mwisho katika orodha hii ni pangua, kinachotumika kwa injini nzima au kwa sehemu yenye vipande vingi. Kwa kigezo cha ukinyume tungetarajia pangua imaanishe kuvirejesha vitu katika hali ya kutopangwa, yaani vurugu. Gereji inatuonesha tofauti. Injini iliyopanguliwa vizuri ndiyo ambayo vipande vyake vimepangwa mezani kwa utaratibu: pistoni kwa namba za silinda, valvu kwa nafasi zake, na kila kofia ya konrodi pamoja na konrodi yake, kwa kuwa viwili hivyo vilichongwa kiwandani kama jozi na kuvichanganya ni kuiharibu beringi. Fundi hupangua na kupanga kwa mkono huo huo. Kilichovunjwa ni muungano wa vipande, si mpangilio wao. Tafsiri ya utenganisho inakieleza kitenzi hiki. Tafsiri ya ukinyume inakwama.

4.0 Vitenzi Vinavyokataa Kiambishi, na Kitenzi cha Kurudisha

Ushahidi wa pili unatokana na vitenzi vya kazi hii hii ambavyo, ingawa vina vinyume vilivyo wazi, havichukui -u-. Kaza kinyume chake ni legeza, si *kazua. Jaza kinyume chake ni mwaga, si *jazua. Washa kinyume chake ni zima, si *washua. Kama -u- ingekuwa alama ya ukinyume, hakuna sababu ya kimaana ya kuvikataa vitenzi hivi, kwani matendo yake yanapinduliwa kila siku. Lakini kaza haielezi kushikana. Inaeleza kiwango cha kushikana. Nati iliyolegezwa ingali imefungwa. Vivyo hivyo jaza inahusu kiasi, na washa inahusu hali. Hakuna viwili vya kuachanishwa, hivyo kiambishi hakina kazi.

Tofauti ya fungua na legeza si ya kinadharia tu. Nati za hedi hazifunguliwi moja baada ya nyingine hadi mwisho. Hulegezwa zote kidogo kidogo kwa awamu, kuanzia pembeni kuelekea katikati, ili hedi isipinde, ndipo zinapofunguliwa. Wakati wa kurudisha, utaratibu hugeuzwa: hukazwa kwa awamu kuanzia katikati kuelekea pembeni. Agizo "fungua nati za hedi" likitumika mahali pa "legeza" linaweza kumpeleka mwanafunzi kwenye kosa la gharama kubwa.

Yapo pia maneno kama pasua, kwangua, chopoa na ng'oa, ambayo hayana kitenzi cha kuanzia katika Kiswahili cha leo. Hakuna *kwanga ambayo kwangua inaitengua. Yote yanahusu kukiachanisha kitu na kingine au na sehemu yake. Mtazamo wa ukinyume hulazimika kuyaita maneno haya masalia. Mtazamo wa utenganisho huyaona kuwa wanachama wa kawaida wa kundi. Hatusemi kwamba kila kitenzi kinachoishia na -ua kina kiambishi hiki. Katika jua na ua, kwa mfano, u ni sehemu ya mzizi. Aidha, kunja/kunjua inaweza kuonekana kupinga hoja yetu, kwa kuwa anayekunjua kitambaa hatenganishi vitu viwili. Hata hapo, kilichofanyika ni kuziachanisha sehemu za kitu kimoja zilizokuwa zimelaliana.

Kitenzi shusha kinastahili neno lake. Kutoa injini nzima kwenye lori huitwa kushusha injini, japokuwa kwa macho injini huinuliwa juu kwa winchi kabla ya kuwekwa chini. Shusha hapa haielezi uelekeo bali uhusiano wa kibebaji na kinachobebwa, kama mtu anavyoshushwa kwenye basi na mzigo kwenye bega. Uhusiano huo si mshikamano, ndiyo maana tendo hili kubwa kuliko yote halina kitenzi cha kutendua. Bolti za kuishikilia injini hufunguliwa. Injini yenyewe hushushwa.

Iwapo kutendua si kurejesha, basi urejeshaji unaelezwaje? Gereji ina kitenzi chake: kurudishia. Fundi husema, "Nimefungua hedi, kesho narudishia." Kauli ya kutendea iliyomo katika kitenzi hiki inaingiza mahali, yaani kukirudisha kitu pale kilipotoka. Kitenzi hiki hakibagui aina ya mshikamano. Sampu iliyofunguliwa, nozeli iliyochomolewa na laina iliyong'olewa, zote hurudishiwa. Gasketi iliyobanduliwa hairudishiwi; huwekwa mpya. Hivyo kutengana na kurejea vimegawanyika: cha kwanza kimo katika mofolojia ya kitenzi na hubainisha namna ya kushikana, cha pili kimo katika kitenzi kimoja cha jumla. Kama fungua ingekuwa na urejeshaji ndani yake, mgawanyo huu usingehitajika.

5.0 Imefunguka, Imefunguliwa, Haifunguki

Kiambishi -u- kina mwenzake asiyeelekezi, -uk-/-ok-: funguka, chomoka, banduka, ng'oka. Tofauti yake na kauli ya kutendwa inajulikana: kutendwa humwachia mtenda nafasi, hata asipotajwa, ilhali -uk- huifuta nafasi hiyo.

(3) a. Nati imefunguliwa na fundi.
b. *Nati imefunguka na fundi.

Katika gereji tofauti hii ina matumizi matatu. La kwanza ni la uchunguzi. Bomba la oili lililochomoka njiani na bomba lililochomolewa na mtu ni kesi mbili. Ya kwanza hutafutiwa chanzo katika mtikisiko au uchakavu, ya pili hutafutiwa mtu. La pili ni la uwezekano, na hujitokeza zaidi katika ukanushi. "Haifunguki" si taarifa kwamba nati haijafunguliwa. Ni tamko kwamba imejaribiwa na imekataa, kwa kutu au kwa kukazwa kupita kiasi, na kwamba sasa panahitajika njia nyingine: mafuta ya kulainisha, moto, au tindo na nyundo. Baada ya jitihada hizo, "imefunguka!" hutamkwa kama habari njema. Hapa mtenda yupo na ametokwa jasho, lakini sarufi inampa sifa chuma kilichokubali.

La tatu ni la uwajibikaji. Bolti yenye kutu ikivunjika mkononi mwa fundi, fundi husema, "Bolti imekatika." Mwenye gari anaweza kuuliza, "Imekatika, au mmeikata?" Maneno hayo mawili yana mzizi mmoja, kinachogombewa ni kiambishi, na nyuma ya kiambishi kuna fedha. Ikiwa imekatika, uchakavu wa gari ndio uliosababisha na mwenye gari atalipia. Ikiwa imekatwa, gereji italipia. Hakuna haja ya kumdhania fundi udanganyifu. Mara nyingi hakuna anayejua kwa hakika ni kiasi gani cha nguvu kilitoka mkononi na ni kiasi gani cha udhaifu kilikuwa tayari ndani ya chuma, na kauli ya kutendeka ndiyo namna ya Kiswahili ya kuutamka mpaka huo usiojulikana.

Uzito wa jambo hili huongezeka maneno yanapoandikwa. Taarifa isemayo "nati za gurudumu zilifunguka" inaeleza tukio lisilo na mtu. Taarifa isemayo "nati za gurudumu hazikukazwa" inamtafuta aliyezirudishia. Gari likiwa limeua watu barabarani, uchaguzi wa sentensi moja badala ya nyingine si suala la mtindo.

6.0 Mafunzo ya Amali na Hitimisho

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeanzisha mkondo wa amali katika elimu ya sekondari sambamba na mkondo wa jumla. Kabla yake, mafunzo ya ufundi stadi yalikwisha kuwekewa mamlaka yake, VETA, kwa sheria ya mwaka 1994. Kadiri vijana wengi zaidi watakavyosomea ufundi wa magari darasani, ndivyo mahitaji ya matini za Kiswahili za somo hilo yatakavyoongezeka, na ndivyo wataalamu wa istilahi watakavyoitwa. Mazoea katika kazi hiyo ni kuanza na nomino, yaani kutafuta jina la kila kifaa. Uchambuzi uliotangulia unaonesha kwamba nomino si sehemu ngumu. Mwanafunzi atajifunza kranki na kamshafti kwa kuzishika. Maarifa ya kazi yamo katika vitenzi, na vitenzi hivyo vipo tayari.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, faharasa ya ufundi iandike kila kifaa pamoja na kitenzi chake cha kutenganisha: nozeli, fungua kisha chomoa, gasketi, bandua, laina, ng'oa. Kuvifuta vitenzi hivi na kuweka ondoa kila mahali, kama matini za tafsiri zinavyoelekea kufanya, ni kumnyima msomaji taarifa ambayo lugha yake ilikuwa tayari kumpa. Pili, kurudishia kupewe hadhi ya istilahi, badala ya kuachwa kama neno la mtaani na kubuniwa tungo ndefu za kulichukulia nafasi. Tatu, mwanafunzi afundishwe kuandika ripoti ya kazi kwa kuzingatia tofauti ya -uka, -uliwa na ukanushi wake, kwa mifano kama ile ya sehemu ya 5.0.

Kwa upande wa nadharia, data za gereji zinaunga mkono mtazamo kwamba -u-/-o- ni kiambishi cha kutenganisha, na kwamba ukinyume tunaouona katika funga/fungua ni matokeo ya utenganisho huo na si chanzo chake. Kamusi inayoeleza fungua kuwa ni kinyume cha funga tu haikosei, lakini haimwambii mtumiaji kwa nini *kazua haipo. Kinachobaki kuchunguzwa ni iwapo kazi nyingine zenye hatua za kutenganisha, kama useremala, ushonaji wa nyavu na ukarabati wa mitumbwi katika fukwe za ziwa hili hili, zinavigawa vitenzi vyake kwa kigezo hicho hicho cha aina ya mshikamano.